Mafuta kwenye Milingoti

Msimu wa kwanza Tawi tulimaliza wa mwisho, na hakuna aliyeona haya. Klabu changa ni kama mtoto mchanga, ikijichafua watu hucheka tu. Tulifungwa saba kule Pennsylvania, tukafungwa tano nyumbani huku mvua inanyesha, na mashabiki wetu mia tatu wakaendelea kupiga ngoma kama vile tumetwaa kombe. Jina lenyewe la klabu ni Eastern Branch, wenye nchi wanasema ndivyo mto ule unaopita nyuma ya uwanja ulivyoitwa zamani. Sisi Waswahili wa Hyattsville, hapa Marekani, tukafupisha kwa lugha yetu, tukaiita Tawi. Mimi nilikuwa mtunza vifaa. Jezi, soksi, mipira, nyavu, glavu za kipa, vyote vilipita mikononi mwangu, na kwa sababu vilipita mikononi mwangu ndiyo maana naieleza habari hii mimi na si mtu mwingine.

Msimu wa pili ndio wenye aibu. Msimu wa pili watu wanakutegemea.

Naitwa Isack. Nilizaliwa Kasulu na nilisoma vipande vipande: mpaka darasa la tatu kwetu, la nne Bujumbura kwa mjomba, la nne tena Kalemie kwa sababu mwalimu wa kule hakuliamini la nne la Bujumbura. Kiingereza nilikiokota jikoni melini, na baadaye kwenye kiwanda cha kuku Delaware. Sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka sita. Nikiharibu jambo, nahama. Ndiyo tabia yangu, siisifu. Hapa nilikuwa na mwaka wa tano, na kwa mara ya kwanza watu waliniita mzee wao.

Aliyenipa hiyo kazi ni Kocha Kipkemboi, Mkenya wa Kapsabet. Alikuja chuo cha College Park kukimbia, goti likamkataa, akageukia mpira. Mashabiki hawakuacha kumtania.

"Kocha!" Tito alikuwa akimpigia kelele kutoka jukwaani. Tito ni Mtanzania, dereva wa basi, kiongozi wa wapiga ngoma wetu. "Waambie wapige mpira, wasiukimbize mpaka Eldoret!"

"Wewe endesha basi lako," Kipkemboi alimjibu bila kugeuka. "Jana umeniacha kituoni nikipunga mkono."

"Ulikuwa unapunga? Nikadhani unapasha misuli!"

Basi tuliishi hivyo. Na msimu wa pili tukaanza kushinda, na sababu ilikuwa moja: golini tulikuwa na Yohan.

Yohan alizaliwa kambini, Warundi wale waliokuwa upande wetu wa Kasulu, akaletwa Marekani ana miaka saba. Sasa alikuwa na ishirini na tatu. Asubuhi alibeba maboksi ghalani, jioni alikuja mazoezini. Kiswahili alikijua chote, lakini ukimsemesha Kiswahili alikujibu nusu Kiingereza. Mikono yake, jamani. Mpira ukiingia mikononi mwa Yohan ulikuwa umefika nyumbani. Mechi kumi na moja msimu ule alitoka bila kufungwa.

Mwezi wa tisa alinifuata chumba cha vifaa akafunga mlango.

"Mzee, usimwambie mtu. Kuna scout anakuja mechi ya mwisho. Timu ya North Carolina, two divisions juu yetu. Contract ya miaka miwili, mzee. Wameshanitazama kwenye video, wanataka kuniona live mara moja tu. Moja tu."

"Moja inatosha," nikamwambia.

"Nikipata hiyo naacha warehouse. Namtoa Mama kwenye zile double shift."

Mama yake ni Spéciose. Alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu mbili kwa siku, na Jumapili alikuwa kanisani kabla ya mchungaji. Nilimheshimu sana. Alinipikia maharage na ndizi nilipoumwa mwaka jana, wala sikumwomba.

Mechi ya mwisho ikaangukia Jumamosi, mwisho wa mwezi wa kumi, nyumbani, dhidi ya wale wale wa Pennsylvania waliotufunga saba. Tulihitaji sare tu tuingie kwenye mchujo. Hata sifuri kwa sifuri. Klabu nzima ilisema sare, na Yohan peke yake alikuwa na jingine kifuani. Mimi nikalijua, na mama yake, maana mama huambiwa hata asipoambiwa.

Alhamisi jioni Spéciose alinikuta nikifua jezi. Alikuwa bado amevaa sare ya kazini, ya zambarau. Akatoa kwenye mkoba kichupa kidogo cha mafuta.

"Muzee Isack, haya yameombewa siku tatu. Mchungaji ameyapika na mdalasini, kama ile ya kwenye kitabu cha Kutoka. Yohan mimi hanisikii, ananiambia 'Mama, stop.' Weye anakusikia. Mumpake hapa." Akajigusa kwenye paji la uso. "Kidogo tu."

"Akikataa?"

"Akikataa, acha. Mafuta hayalazimishwi."

Aliyasema wazi. Nayarudia maneno yake ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuelewa.

Jumamosi Yohan alifika mapema kuliko wote. Nilimtolea kile kichupa. Akacheka, akanishika bega.

"Mzee, no. I love my mom, lakini no. Leo nataka niwe mimi mwenyewe."

Kichupa kikarudi mfukoni. Hapo ndipo pangekuwa mwisho.

Nikatoka kwenda kufunga nyavu, na Tito alikuwa ameshafika, anapanga ngoma zake kwenye uzio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Sasa mzee wangu, kamati ya ufundi iko wapi? Mechi kama hii kwetu timu isingepita hata mlangoni. Ingeruka ukuta!"

"Hapa ni Marekani, Tito."

"Marekani hakuna ukuta?" Akacheka mpaka fimbo ya ngoma ikamdondoka.

Alikuwa anatania. Lakini mimi si mtu wa kutaniwa kwenye jambo hilo. Zamani, nikiwa Tanga, niliwahi kubeba mizigo ya kamati kama hiyo. Kamati ya ufundi haina fundi wa mpira hata mmoja. Ni wale wanaoamua timu ipitie wapi, isivae chumbani, nani avunje yai nyuma ya goli la nani. Mimi nilikuwa ndiye ninayebeba yale mayai. Kama niliamini? Tuliposhinda niliamini, tuliposhindwa nilisema wenzetu wana kamati kali zaidi. Mtu akishazoea hesabu hiyo hawezi kukosea.

Nikatazama goli. Ni la chuma, limepakwa rangi nyeupe. Nikajiambia: mama ametoa mafuta kwa ajili ya kipa, kipa amekataa kichwa chake, lakini goli si lake peke yake, goli ni la timu. Nikamimina kidogo kwenye kitambaa nikapaka mlingoti wa kushoto, kuanzia kiunoni mpaka nilipofika kwa mkono. Nikapaka wa kulia. Nikavuka uwanja nikapaka na lile la pili, kwa sababu sikujua tutaanza upande gani, na kwa sababu tulihitaji sare: magoli yote mawili yakizibwa, tumefika. Niliona nimefikiri vizuri. Nilikuwa nimejisifu kabisa, nikipiga mluzi.

Jukwaa likajaa. Scout, yule mtafuta vipaji, nilimjua mara moja, mtu mrefu mwenye koti la bluu na daftari. Kocha alimwita Christopher. Akakaa safu ya tatu, katikati.

Timu zikaingia. Yohan akakimbia kwenda golini kwake, na nilipomwona anakwenda mlingoti wa kushoto, nikakumbuka.

Ilikuwa desturi yake. Kila mechi, kabla refa hajapuliza, aliukumbatia mlingoti wa kushoto kwa viganja viwili, akaupangusa juu mpaka chini kama mtu anayempapasa ng'ombe wake, kisha akaenda wa kulia akafanya vile vile. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo misimu miwili. Ni mimi niliyekuwa nikizifua zile glavu na kuona chokaa ya rangi nyeupe kwenye viganja. Na siku ile, nikiwa na kitambaa mkononi, halikunijia hata kidogo.

Alikumbatia wa kushoto. Alikumbatia wa kulia. Akatazama viganja vyake, akavipangusa kwenye kaptula, refa akapuliza.

Glavu ya kipa inashika kwa mpira wake laini wa kiganjani. Ukitia mafuta pale, umempa mtu sabuni ashike samaki.

Dakika ya kumi na tisa ikaja krosi ya kawaida, ya kitoto. Yohan akaruka juu ya wote, akaudaka kwa mikono miwili, nami nikashusha pumzi. Mpira ukamponyoka. Ukaanguka miguuni mwa mshambuliaji wao, naye akausukuma tu kama anayefunga mlango.

Ngoma zikanyamaza. Kisha nikasikia sauti ya Tito, peke yake: "Inatokea, kipa! Inatokea!"

Yohan aliendelea kupangusa. Kwenye kaptula, kwenye nyasi bandia, kwenye taulo. Mipira mingine aliipangua kwa ngumi, ile ambayo siku zote huidaka amefumba macho. Nikaona Christopher anaandika.

Mapumziko akanijia mbio.

"Mzee, nipe pair ya pili. Hizi zina kitu."

Nikampa. Zilikuwa safi, nilizifua mwenyewe. Akazivaa, akapiga makofi, akatabasamu kidogo, na hapo nikakumbuka kwamba anakwenda kwenye goli la pili.

Nilikuwa na dakika nane. Niseme ukweli, zilitosha. Ningechukua taulo na chupa ya sabuni nikaenda nikaifuta ile milingoti mbele ya watu wote. Au ningemwambia neno moja. Nilijaribu hilo la pili.

"Yohan."

"Eeh?"

"Leo, wewe..." Kocha alikuwa pembeni yangu anachora ubaoni. Wachezaji wote wamekaa. Nikaona jinsi watakavyogeuka kunitazama. "Nenda na Mungu."

"Amen, mzee," akasema, akatoka.

Nilikaa benchi nikamtazama anaukumbatia wa kushoto. Halafu wa kulia. Niliinamisha uso kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko wa mipira.

Dakika ya sabini na moja mtu wao akapiga shuti la mbali, lisilo na nguvu, likamfuata Yohan kifuani. Likapita mikononi, likapita chini ya tumbo, likavuka mstari polepole hivi kwamba Yohan aligeuka akalikimbiza kwa magoti. Hakulifikia. Mtu mmoja wa Pennsylvania akacheka kwa sauti. Mbili bila. Mpaka mwisho, mbili bila, na mchujo tukauona kwa mbali.

Christopher alikuwa na adabu. Hakuondoka. Alisimama kwenye korido ya vyumba vya kuvalia na Kocha, na Yohan akawafuata, jasho linamtiririka, jozi zote mbili za glavu mkononi.

"Sir, kuna kitu kwenye glavu," akasema kwa Kiingereza. "Zote. Sijawahi kuteleza hivi. Tafadhali, shika."

Kipkemboi alikunja uso. "Yohan, wacha."

"Coach, I swear. Mzee Isack, njoo. Wewe ndiye unazifua. Shika uwaambie."

Akanipa. Wote watatu wakanitazama. Nikapitisha kidole gumba kwenye kiganja cha glavu, na kidole kikateleza kama kwenye bakuli la mboga. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Mgeni alikuwa amesimama pale, ana daftari, ana subira. Angecheka, pengine angekasirika, lakini angeandika kitu kingine.

Nikasema kwa Kiingereza changu, ili na mgeni aelewe: "No problem. Is good gloves."

Yohan aliduwaa. Akazichukua, akazitazama, kisha akazileta puani. Nikaona pua yake inatanuka. Nikaona kitu kinapita usoni, na kile kiburi cha kubishana kikazimika kama taa. Akazishusha.

"No excuse, sir," akamwambia Christopher. Hana kisingizio. "Ni kosa langu."

Christopher akampa mkono, akamwambia siku mbaya zipo, akaondoka. Kipkemboi alisubiri mpaka mgongo wa mtu umepotea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kipa akianza kulaumu glavu, mzee wangu, ujue amekwisha."

"Kweli," nikasema.

Neno nililochagua kusema ni hilo, kweli.

Jumapili asubuhi nilizifua zile glavu kwa sabuni ya vyombo, mara tatu, na milingoti nikaenda nikaifuta kwa maji ya moto. Nilifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa. Hata harufu ya mdalasini haikubaki.

Jumatatu Spéciose akanipigia.

"Muzee, Yohan hajalala nyumbani tangu Jumamosi. Yuko Arlington kwa rafiki yake. Simu yangu hashike. Nimetuma ujumbe, haufiki. Amekuambia kitu?"

"Hajaniambia, mama. Labda ana hasira ya mechi."

"Ulimupaka?"

Ningeweza kusema alikataa. Huo ulikuwa ukweli, tena ukweli mdogo, usingenigharimu kitu. Lakini nikiusema, angeuliza mafuta yako wapi.

"Nilimpaka."

"Akakubali?"

"Alikubali."

Nikasikia mashine za kazini kwake zinalia nyuma. "Basi ni Mungu mwenyewe amekataa," akasema, na nikamsikia anaanza kulia, akakata simu kwa sababu zamu inaendelea.

Nilikwisha kuwa mwongo maishani, siwezi kujifanya malaika. Nilidanganya kuhusu umri wangu, kuhusu vyeti, kuhusu mke. Lakini sikuwahi kumsingizia Mungu.

Jumatano nilitafuta basi la kwenda Columbus, Ohio, kwa mtu ninayemfahamu. Lilikuwepo la Jumamosi saa kumi jioni. Nikaona vizuri: Jumamosi mchana wachezaji wanarudisha vifaa, nitapokea, nitafunga chumba, nitahama. Kama kawaida yangu.

Jumamosi wakaja mmoja mmoja, wakatupa jezi kwenye makapu. Wengine walinikumbatia. Yohan alikuja wa mwisho. Vyake alikuwa amevikunja vizuri, shati juu ya shati, jinsi alivyofundishwa. Akaviweka mezani, hakuondoka.

"Mzee, nikuulize kitu. Uniambie ukweli."

"Uliza."

"Ile Saturday, ulimruhusu Mama kuingia humu?"

Sikuelewa mara moja.

"Nili-smell mdalasini, mzee. Kwenye glavu. Ile oil yake. Ndiyo maana nikanyamaza pale corridor. Ningesema nini? Sir, my mother did it? Mbele ya coach?" Akajifuta uso kwa mkono. "Nilimwambia hapana mara mia. Mia! Na bado akaja kuipaka. Sitaki hata kumwona, mzee. Nimem-block. Ni dhambi, najua."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, nami ni mtu wa milango. Nisingelazimika hata kusema uongo. Ningetikisa kichwa tu kwa huzuni, kama mzee anayesikitikia familia, na saa kumi niko kwenye basi. Nakiri nilipima. Nilipima kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kuandika.

"Hakuingia," nikasema. "Mama yako hakukanyaga hapa. Aliniambia ukikataa niache. Ni mimi."

"Wewe uliweka kwenye glavu zangu?"

"Si kwenye glavu. Kwenye milingoti."

"Posts?"

"Yote minne."

Akakaa juu ya kapu la jezi chafu, mzima mzima, kapu likalia. "Lakini mimi huwa nazi-hug."

"Najua."

"Everybody knows."

"Najua, mwanangu."

Alifikiri. Nikaona anarudi nyuma kwenye ile mechi, dakika kwa dakika, mpaka akafika mahali nilipoogopa afike.

"Halftime," akasema. "Uliniita jina langu. Ulikuwa unajua already?"

"Nilijua."

"Na corridor?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Alitoka akamwita Kipkemboi, akasimama mlangoni na kuniambia, "Mwambie." Nikamwambia Kocha yote, kwa Kiswahili, nimesimama. Kocha alianza kutabasamu, alidhani ni mzaha wa Tito. Kisha akaacha.

"Mzee, ulipaka mafuta goli langu?"

"Ndiyo."

"Na la wale?"

"Ndiyo. Ili iwe sare."

Alishika kichwa. Halafu akatoa simu, akampigia Christopher, akaiweka mezani ili tusikie. Akamweleza. Christopher alicheka kwanza, alicheka sana, akasema amesikia visingizio vya makipa miaka ishirini lakini hiki ni kipya. Kisha akasema anamwamini Kocha. Akasema angependa sana kulijua hili mapema, kwa sababu alikuwa anampenda kijana, na alikaa siku kadhaa hajaamua. Walimsaini kipa mwingine Jumatano.

"Jumatano," Kipkemboi akarudia simu ilipokatika. Akahesabu kwa vidole, si kwa kunionyesha, nadhani alikuwa anahesabu tu: "Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Jumanne." Akanitazama. "Siku nne, mzee wangu. Na mimi nilikuwa hapa tu, simu yangu unayo."

"Unifukuze," nikasema.

"Nikufukuze niandike nini? Alitia mafuta milingoti?" Sauti yake ilitaka kuwa ya utani, haikuweza. Akachukua kofia yake akatoka.

Yohan bado alikuwa mlangoni.

"Twende kwa Mama," akasema. "Utamwambia wewe."

Tulipanda gari lake. Kutoka uwanjani mpaka kwao ni dakika kumi, na taa zote zilitushika nyekundu. Alisema mara moja tu, akitazama mbele, "Alinitumia texts arobaini, sijazi-open hata moja." Nami nilikaa na mikono mapajani. Saa ya gari ilisema saa tisa na nusu. Sikuwaza Columbus tena. Nilikuwa nawaza ngazi za nyumba ya Spéciose, ghorofa tatu, na jinsi nitakavyoanza.

Alifungua mlango akiwa amevaa ile sare ya zambarau, anajiandaa kutoka. Alipomwona Yohan alimshika shingoni, akamvuta, akasema maneno ya Kirundi ambayo nayajua lakini si yangu kuyaandika. Kisha akaniona mimi nyuma.

"Muzee! Wewe umeniletea! Mungu akubariki, ingia, ingia."

Nilivua viatu, kama siku zote nyumbani kwake. Sikuvuka kizingiti.

"Mama Yohan, usinibariki. Sikumpaka. Alikataa, na uliniambia akikataa niache. Nikapaka milingoti ya goli, akaishika, ndiyo ikamtelezesha. Nikajua, nikanyamaza. Ulipopiga simu nikakudanganya. Mungu hakukataa kitu. Ni mimi."

Nilisubiri. Nilitaka anitukane. Nina masikio magumu, nimetukanwa katika lugha sita, na tusi likishatoka mtu anajua pa kuanzia.

Lakini Spéciose hakunitazama kabisa. Alikuwa amemgeukia mwanawe, polepole, na mkono aliomshika nao shingoni ulikuwa umeshuka.

"Kwa hiyo hizi siku saba," akasema, "ulifikiri ni mimi."

Yohan alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi, Yohan. Nikuharibie wewe."

"Nili-smell..." akaanza, akashindwa. Yule mtu niliyemwona akisimama mbele ya penalti tatu msimu ule bila kupepesa, aligeukia ukuta akaweka paji la uso pale, na mabega yakaanza kutikisika. Mama yake alibaki katikati ya sebule, mkoba wa kazini begani, hakwenda kwake wala hakuja kwangu.

Aibu yangu nilikuwa nimeizoea wiki nzima. Hiyo ya Yohan, ambayo mimi ndiye niliyemvisha, sikuweza kuitazama.

Nilisimama kizingitini, kiatu kimoja mkono huu, kimoja mkono huu. Hakuna aliyeniambia keti, hakuna aliyeniambia ondoka. Majirani wa ghorofa ya nne wakapanda ngazi na mifuko ya sokoni, mume na mke, ikabidi nijibane ukutani wapite. Wakaniamkia kwa heshima, kama wanavyomwamkia mzee. Nikaitikia.